Miezi ishirini na miwili: kidato cha tano, kidato cha sita na mlango wa chuo

Kidato cha tano huanza Julai. Mtihani wa taifa wa kidato cha sita hufanyika Mei ya mwaka wa pili baada ya huo. Hesabu kwa vidole: miezi 22. Toa likizo, toa wiki za mwanzo ambazo wenzako bado wanaripoti mmoja mmoja na walimu hawajaanza vipindi vizuri, uone inabaki mingapi. Anayesema "miaka miwili ni mingi" amekosea hesabu tangu siku ya kuripoti.

Kwa hiyo safari hii ipangwe kinyumenyume. Uwe shule ya Tanga mjini kama Galanos, Usagara au Tanga Tech, au umepangiwa Lushoto au Korogwe, anza na kozi unayoitaka chuoni. Angalia inadai masomo gani na alama gani, halafu rudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwenye dawati ulilokaa leo. Wengi hufanya kinyume chake: wanasoma kwanza, matokeo yanatoka Julai, ndipo wanaanza kuuliza "kwa hizi alama naweza kusoma nini?" Wakati huo kombi, yaani masomo matatu unayosomea, haibadiliki tena, na jina lililokosewa kwenye cheti haliwezi kurekebishwa kwa wiki moja.

Kitabu cha kuanzia ni Mwongozo wa Udahili unaotolewa kila mwaka na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Unapatikana bure kwenye tovuti yao. Iko miwili: mmoja wa waliomaliza kidato cha sita, mwingine wa wenye stashahada na sifa linganishi. Chukua ule wa kidato cha sita, tafuta chuo, tafuta kozi, soma safu ya sifa za kujiunga neno kwa neno, kisha nakili kozi tatu kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lako. Fanya hivyo mwezi wa kwanza wa kidato cha tano. Ukiweza, fanya mapema zaidi, wakati matokeo ya kidato cha nne yametoka na dirisha la kubadilisha machaguo kwenye Selform, fomu ya kuchagua kombi, bado liko wazi. Mtoto anayekaa Chongoleani hapa Tanga, akaona matangi ya bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, akatamani kuwa mhandisi, ajue kwamba kozi za uhandisi zinataka Fizikia na Hisabati za advansi. Akikubali HGE (Historia, Jiografia na Uchumi) kwa sababu rafiki zake wako HGE, mlango huo umefungwa, na hautafunguka hata akipata A tatu. Kombi hubadilishwa shuleni wiki za mwanzo tu, kukiwa na nafasi. Baada ya hapo unakuwa umeachwa na mada, na mwalimu hatarudi nyuma kwa ajili yako.

Sasa tuingie kwenye alama, maana hapa ndipo watu wazima wenyewe, wazazi na hata baadhi ya walimu, huchanganya mambo. NECTA, Baraza la Mitihani, wanahesabu namna yao na TCU namna yao. Kwa NECTA, A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7. Zinajumlishwa pointi za masomo matatu ya kombi: 3 hadi 9 ni daraja la kwanza, 10 hadi 12 la pili, 13 hadi 17 la tatu, 18 na 19 la nne. Pointi zikiwa chache ndiyo vizuri. Kwa TCU ni kinyume: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1 na S ni 0.5. Sharti la chini la kuingia shahada ni ufaulu wa kuanzia E katika masomo mawili yanayohusika na kozi hiyo, na masomo hayo mawili yafikishe jumla ya pointi 4.

Tazama linavyouma. Mwanafunzi wa kwanza ana D, E na E. NECTA wanampa pointi 14, daraja la tatu. Wa pili ana D, D na F: pointi 15, daraja la tatu pia, na mtaani atachekwa kwa ile F. Lakini kwa hesabu ya TCU masomo mawili bora ya yule wa kwanza ni D na E, yaani 2 na 1, jumla 3. Hafiki. Wa pili ana D mbili, jumla 4, amefika, mradi masomo hayo mawili ndiyo yanayotakiwa na kozi. Aliyemshinda mwenzake kwa pointi amekosa shahada. Na mwenye B, S na F hana sifa kabisa, ingawa B peke yake ni pointi 4, kwa sababu S si ufaulu kamili.

Maana yake kwenye kusoma ni kubwa. Kama kozi yako inasimama kwenye Kemia na Baiolojia, saa zako haziwezi kugawanywa sawa kwa sawa kama sadaka. Yale mawili yapate zaidi, la tatu lilindwe lisianguke. Angalia pia kama kozi inataka alama maalumu kwenye somo fulani: wenye C, D, E na wenye D, D, D wote wana pointi 6 za TCU, ila kozi inayodai angalau D kwenye Fizikia itamtoa yule ambaye E yake iko Fizikia. BAM, ile hisabati ndogo ya wasiosoma Hisabati ya advansi, haiingii kwenye hesabu ya daraja, hivyo wengi huidharau. Usiidharau kabla hujasoma mwongozo, kuna kozi zinaiuliza kwa jina.

Kuhusu kusoma kwenyewe, nina jambo moja ninaloliamini kuliko yote: funga daftari. Wanafunzi wetu wanapenda kukesha na notsi mbele ya macho, kalamu ya rangi mkononi, wakipitia mistari ileile mara ya tano. Ukurasa unaonekana unajulikana, moyo unatulia. Lakini kuutambua ukurasa si kuukumbuka. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi maandishi ya kusoma. Kundi moja likayarudia kuyasoma, jingine likajipima kwa kuandika linachokumbuka. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja waliojipima waliwapita kwa mbali. Mtihani wa taifa haufanyiki dakika tano baada ya kufunga daftari.

Namna ya kufanya ni hii. Jioni ya siku uliyofundishwa mada, chukua karatasi tupu, andika kichwa cha mada, kisha kwa dakika 10 andika kila unachokumbuka bila kuchungulia: fasili, fomula, mchoro, mfano. Ukikwama, kaa na kukwama kwako dakika moja nzima, usikimbilie kufungua. Kisha fungua, sahihisha kwa kalamu nyekundu. Palipojaa wino mwekundu ndipo pa kusoma, kwingine acha. Rudia karatasi hiyohiyo kesho yake, baada ya wiki, na baada ya wiki tatu. Mara ya nne itakuchukua dakika nne.

Kando ya hilo uwe na daftari la makosa, moja kwa kila somo la kombi. Kila swali ulilokosa kwenye jaribio, zoezi au moku (mtihani wa majaribio) unaliandika: tarehe, swali, nilichojibu, jibu sahihi, na sababu. Sababu ziwe nne tu: sikujua, nilijua nikasoma swali vibaya, nilikosea hesabu, au muda uliniishia. Baada ya miezi mitatu hesabu kila sababu ina makosa mangapi. Anayekosa kwa "sikujua" dawa yake ni kitabu. Anayekosa kwa muda akiongezewa kitabu hapati nafuu, anahitaji saa mezani. Mtihani wa saa 3 wenye alama 100 unakupa chini kidogo ya dakika 2 kwa alama moja, kwa hiyo swali la alama 20 lina dakika 36 na si zaidi. Jizoeze kwa dakika 30, sita zibaki za kupitia.

Mitihani ya nyuma kila mtu anayo, inauzwa kila steshenari. Kitu ambacho wengi hawakifungui ni taarifa za NECTA za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Ziko kwenye tovuti yao, bure, kwa kila somo na kila mwaka. Humo wanachukua swali kwa swali, wanaeleza wangapi walifanya vizuri, wangapi walianguka na kwa nini, na wanabandika kipande cha jibu zuri na kibovu kama kilivyoandikwa na mtahiniwa. Jibu swali kwanza, kisha soma taarifa. Utagundua kwamba mada zenyewe watu wanazijua, ila wameulizwa "fafanua" wakaorodhesha, wameulizwa tofauti wakatoa fasili mbili.

Lugha nayo tuizungumze bila aibu. Mtihani ni wa Kiingereza, akili ya mtoto wa Ngamiani inafikiri kwa Kiswahili. Wanaojilazimisha kufikiri kwa Kiingereza tangu mwanzo huishia kukariri sentensi za mwalimu. Elezaneni mada kwa Kiswahili mpaka kila mmoja kwenye kikundi aweze kumfundisha mwenzake, watu watatu au wanne, zaidi ya hapo ni kijiwe. Halafu kila mtu aandike jibu kwa Kiingereza peke yake, kwa sentensi fupi, na mwalimu alipitie. Hatua ya pili ndiyo inayorukwa.

Tuisheni ni msaada kwa somo ambalo shule haina mwalimu. Ukiwa na tatu kwa siku, huna tena saa ya kufunga daftari.

Kwa wa sayansi, praktiko ndiyo alama zinazopotea kizembe. Chukua taitresheni, kupima nguvu ya myeyusho kwa kuudondoshea mwingine. Byureti, mrija mrefu wenye koki, isuuzwe kwa myeyusho utakaowekwa humo, na pipeti, mrija wa kuchotea kiasi kimoja, kwa wake. Ukisuuza kwa maji peke yake, matone yaliyobaki yanapunguza nguvu ya myeyusho. Chupa ya koniko suuza kwa maji yaliyotoneshwa tu, maana ukiisuuza kwa myeyusho wa pipeti umeongeza kiasi usichokipima. Mimina kwa faneli, kisha iondoe; ikibaki juu itadondosha tone katikati ya kazi. Fungua koki myeyusho ushuke kwa kasi kidogo mpaka kiputo cha hewa kwenye ncha kitoke. Kiputo kikitoka katikati ya kazi, nafasi yake inajazwa na myeyusho ambao haukuingia kwenye chupa, usomaji wako unakuwa mkubwa kuliko ukweli. Jicho liwe usawa wa chini ya mkunjo wa myeyusho. Andika desimali mbili kila mahali, 0.00 na si 0. Mara ya kwanza ni ya majaribio, haiingii kwenye wastani. Ukipata 24.30 ya majaribio, kisha 23.50, 23.60 na 23.50, wastani ni wa hizi tatu za mwisho, 23.53. Ikitokea moja ya tatu imekwenda 24.10, rudia, usiibadilishe kwa kalamu. Shule ikiwa na byureti chache, gawaneni: mmoja anafanya, mmoja anasoma hatua kwa sauti, mmoja anachora jedwali, kisha mnabadilishana.

Kwenye Fizikia, grafu inakosa alama kwa vitu vidogo vilevile kila mwaka: kichwa cha grafu, vipimo kwenye mihimili, skeli inayotumia zaidi ya nusu ya karatasi, na pembetatu kubwa ya kutafutia mteremko.

Kalenda ya Tanga ina mambo yake. Miezi ya marudio ya kidato cha sita, Januari hadi Machi, ni ya kaskazi. Joto la saa nane mchana chini ya bati halisomeki. Saa nzito, za hesabu na maswali mapya, ziwekwe alfajiri kabla jua halijapanda, mchana ubaki kwa kusahihisha na kunakili, na baada ya isha irudi kazi. Miaka hii Ramadhani nayo inaangukia Februari na Machi, mara nyingi karibu kabisa na moku. Anayefunga apange upya mapema: saa moja na nusu baada ya daku ni dhahabu, ila alale mapema usiku ule, maana anayekesha barazani mpaka daku atasinzia kipindi cha kwanza. Kijana anayelala kwa muda wa saa nne tu anajiibia mwenyewe.

Sasa nyaraka. Hapa naomba mzazi naye asome.

Kosa linaloumiza wengi ni jina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Athumani, cheti cha kidato cha nne kinasema Athuman, NIDA (kitambulisho cha taifa) inasema Athumani na jina la babu limeongezwa. Ramadhani na Ramadhan, Mwanahamisi na Mwanahamis. Kwa macho yetu ni mtu mmoja, kwa mfumo wa kompyuta ni watu wawili. Jina la kidato cha nne ndilo linalobeba kila kitu baadaye, kwa sababu namba ya mtihani ya kidato cha nne ndiyo inayofungulia maombi ya chuo na ya mkopo. Weka karatasi zote mezani likizo ya Desemba ya kidato cha tano, soma herufi kwa herufi. Kama kuna tofauti, anza kushughulikia RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, au kwa hati ya kiapo wakati huo, si Julai. Orodha ya usajili wa kidato cha sita ikibandikwa shuleni, nenda na cheti chako mkononi ukalinganishe.

Bodi ya Mikopo, HESLB, inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, au na ZCSRA kwa waliozaliwa Zanzibar. Uhakiki unaombwa mtandaoni: unapakia nakala iliyoskaniwa vizuri, unalipa kwa namba ya malipo, unasubiri. Kama mzazi amefariki, cheti cha kifo nacho kinahakikiwa. Kama kaya yenu iko TASAF, mfuko wa kusaidia kaya maskini, tafuta namba ya kaya, maana inahesabika. Kama kuna ulemavu, wako au wa mzazi, fomu yake inathibitishwa na mganga mkuu. Vyeti vya zamani vilivyoandikwa kwa mkono huchelewa, kwa hiyo hivi vianze Desemba ya kidato cha sita.

Kwa nini haraka hivyo? Kwa sababu baada ya mtihani wa Mei wanafunzi wengi huitwa JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria. Unaweza kupangiwa Maramba au Mgambo hapahapa mkoani, unaweza kupelekwa mbali kabisa. Kambini huna nafasi ya kutembea na simu kutafuta mwenyekiti wa mtaa, na usitegemee dirisha la mkopo litakusubiri utoke. Kabla ya kuondoka acha bahasha kwa mtu mmoja unayemwamini: nakala za vyeti vilivyohakikiwa, picha za pasipoti, kitambulisho cha mdhamini na namba yake ya simu, na karatasi yenye namba zako za mtihani. Fomu ya mkopo ikichapwa, inasainiwa na mwombaji, mdhamini, kiongozi wa serikali ya mtaa, kisha wakili au hakimu. Kosa la kawaida ni muhuri uliofifia au uliokosekana, na kurasa zilizosainiwa kupakiwa zikiwa picha za giza. Skani, usipige picha kitandani.

Na akaunti ifunguliwe kwa namba yako ya simu na barua pepe yako. Kijana wa steshenari akitumia yake ili mambo yaende haraka, mwezi wa tisa utamtafuta yeye ndipo uingie kwenye maombi yako mwenyewe.

Maombi ya chuo hupelekwa moja kwa moja kwa kila chuo, kwa awamu. Sifa za chini kwenye mwongozo ni ruhusa ya kuomba, hazikuhakikishii nafasi, kwani kozi zenye watu wengi huchukua wa juu kwanza. Panga machaguo yako hivi: moja ya kutamani, mbili unazozidi sifa zake kidogo, moja unayozidi sana na ambayo uko tayari kuisoma kweli. Ukichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja utatakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba ya siri inayokuja kwa ujumbe wa simu, ndani ya muda uliotajwa. Asiyethibitisha anapoteza nafasi, ndiyo maana laini isizimwe wala kupewa mdogo wako. Waliofaulu sana sayansi wafuatilie pia Samia Scholarship, iliyoanza mwaka wa masomo 2022/23.

Kama pointi 4 hazikufika, stashahada chini ya NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, ni njia halali. Ukimaliza na wastani wa 3.0 mlango wa shahada unafunguka, na vyuo vingi humpenda mwanafunzi aliyeishika kazi kwa mikono. Kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea kunafaa kama daftari la makosa linaonyesha somo moja tu lililokuangusha.

Kati ya kutoka JKT na chuo kufunguliwa, jifunze kuchapa kwa vidole vyote, kutengeneza jedwali la hesabu kwenye kompyuta na kuandika barua pepe ya heshima. Wiki mbili zinatosha, saa moja kwa siku.

Pesa za mwanzo ziwe tofauti na mkopo. Bumu, pesa ya kujikimu ya mkopo, haliji siku unayoshuka basi. Kuna kusajiliwa, kuna kusaini. Andaa nauli, chakula cha wiki nne, na michango ya usajili iliyoandikwa kwenye barua ya kujiunga, ambayo mkopo haugusi. Vyeti halisi viwe kwenye begi la mkononi, visiwekwe chini ya basi. Godoro kanunue hukohuko.